Mama Anjela Alisema Hajui

Siku ya kwanza kazini niliripoti kwa Hakimu Mfawidhi wa wilaya, pale Kondoa, nikiwa nimevaa suti nyeusi iliyoshonwa haraka haraka na fundi wa Chang'ombe, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Hakimu mfawidhi ndiye anayewasimamia mahakimu wenzake. Huyu alikuwa mzee wa Kiislamu, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyowalazimu watu kunyamaza ili wamsikie. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza mimi ni binti wa nani. Nikamwambia baba yangu ni katekista, mwalimu wa dini kanisani.

"Na wamekuruhusu nyumbani uwe hakimu?"

Nilishtuka. Jambo hilo lilikuwa limetusumbua sana kwetu. Mama alinifuata hadi stendi akiniuliza itakuwaje, Bwana Yesu amewakataza wafuasi wake kuhukumu, halafu mimi nile mshahara wa kuhukumu. Nilimweleza Hakimu Mfawidhi yote hayo. Hakucheka.

"Mama yako ana haki ya kuogopa," alisema. "Hakimu asiyeogopa simtaki hapa. Mungu akihukumu hakuna pa kukata rufaa, kwa sababu ameona kila kitu. Wewe hujaona chochote. Unaletewa maneno ya watu, unayapima, na ukikosea, rufaa inakuja mezani kwangu. Kwa hiyo usijisahau ukadhani unafanya kazi yake. Ya kwako ni ndogo. Ifanye vizuri."

Baadaye nilifanya kazi chini ya wakubwa wengi, na baadhi yao walimzidi elimu. Hakuna aliyenieleza kazi yangu vizuri kuliko yeye.

Baada ya muda akanipangia mahakama ya mwanzo, upande wa Busi. Vijana mnaosoma sheria leo mkifikiria mahakama mnaona kompyuta na mawakili. Mahakama ya mwanzo ni ile iliyo karibu kabisa na wananchi. Wakili hakuwapo. Mlalamikaji, yaani yule aliyetendewa, ndiye aliyesimama mwenyewe kueleza kesi yake, na mshtakiwa akamuuliza maswali ana kwa ana. Mimi niliandika kila neno kwa mkono, huku nimekaa kati ya washauri wawili wa mahakama, wazee wa pale pale walioteuliwa kusikiliza na kutoa maoni yao kabla ya uamuzi. Kila mtu alimjua kila mtu. Hapo ndipo penye ugumu wa kazi ile.

Kesi ninayotaka kuieleza ni ya wizi wa mbuzi. Mlalamikaji alikuwa mjane aliyeitwa Mama Anjela, mkulima wa uwele. Mbuzi wake wote walichukuliwa zizini alfajiri, na hao ndio waliokuwa karo, dawa na chakula cha wanawe. Mshtakiwa aliitwa Petro. Alikuwa ametoka gerezani mwaka uliotangulia, na kosa lililompeleka kule lilikuwa hilo hilo, wizi wa mifugo. Huko gerezani alibatizwa. Aliporudi alikuwa akikaa benchi la nyuma kanisani, na watu walikuwa wakisogea pembeni wasiguse bega lake.

Sheria haikuniruhusu kuutumia ule wizi wa zamani kama ushahidi. Hakimu humhukumu mtu kwa shtaka lililo mbele yake, si kwa maisha yake yote. Lakini nani angeyafuta yale kichwani mwa watu waliojaa ukumbini siku ile, wengine wakichungulia madirishani?

Karani alimsomea Petro shtaka. Nikamuuliza, "Ni kweli au si kweli?"

"Si kweli, Mheshimiwa."

Watu wakaguna. Mama Anjela akaapa, akaanza kueleza. Alisikia mbuzi wakilia, akatoka nje, akaona mwanaume akiwaswaga kuelekea korongoni. Shemeji yake, Bernadi, alikuwa amekaa mbele kabisa, akiitikia kwa kichwa kila neno kama mwalimu anayesikiliza mtoto akisoma. Nilielewa kwamba walikuwa wameyafanyia mazoezi maneno yale.

"Mwanaume huyo ulimtambua?" nilimuuliza.

Alimtazama Bernadi. Nikarudia swali.

"Sema, shemeji!" Bernadi alifoka. "Si ulimwona?"

Nilimtoa nje. Ukumbi ukatulia, nikamsubiri yule mama. Alikuwa ameshika ncha ya kanga yake, anaikunja na kuikunjua. Neno moja tu, "ndiyo", lingetosha kumrudisha Petro gerezani, na pengine kumpatia yeye fidia. Nilijua, na yeye alijua.

"Mheshimiwa," alisema hatimaye, "niliona mgongo. Kulikuwa na ukungu. Moyo wangu unaniambia ni huyu. Hata sasa unaniambia. Lakini nimeapa kwa Mungu, na yeye alikuwapo pale zizini. Ukiniuliza kama niliuona uso, sijui."

Shahidi mwingine aliyemwona mtu yule hakuwapo, na mbuzi hawakupatikana. Tulipoingia chumbani na washauri, mmoja wao, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, alisema kwa uchungu, "Mheshimiwa, kijiji kizima kinajua ni Petro."

"Kijiji kizima kingekuja kuapa, mzee wangu. Aliyekuja ni mmoja, naye amesema hajui."

Alikaa akitazama mikono yake. "Basi yule mama ametushinda wote," akasema. "Mwachie."

Petro akaachiwa huru. Watu walitoka wakinung'unika kwamba hukumu ya kweli iko mbinguni. Kwa hilo walikuwa sahihi. Bernadi alimpita shemeji yake uani bila kumwangalia, na kwa muda mrefu ukoo wa marehemu mumewe haukukanyaga kwake.

Nilikuwa mlangoni nilipomwona Petro akimkaribia Mama Anjela. "Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba." Kisha akaongeza, "Sijakusamehe, kwa sababu sijui kama kuna la kukusamehe. Ila Jumapili usikae nyuma. Njoo ukae benchi letu."

Jumapili ile nilikuwapo misani. Mama Anjela alisogeza wanawe, akapapasa benchi, Petro akakaa. Kanisa zima liligeuka kuwatazama. Yule mama alitazama mbele tu.

Nilipohamishiwa Dodoma, Petro alikuwa akimlimia Mama Anjela shamba kila msimu. Watu walisema analipa kosa lake. Wengine walisema huyo ni mtu aliyeaminiwa na mtu mmoja, hataki kumpoteza. Mjini nilikutana na kesi ngumu zaidi, za nyumba, mirathi na ndoa, na nikawa na mahakimu vijana chini yangu. Kila aliyeripoti nilimsimulia habari za yule mjane. Niliwaambia kwamba tunajivunia viti vyetu, lakini siku ile haki iliokolewa na mwanamke aliyekuwa na kila sababu ya kusema uongo.

Sasa nimestaafu. Mama yangu alifariki akiwa bado ananiombea kwa ajili ya kazi yangu, na nadhani maombi yale yalinisaidia. Mwaka jana nilipanda basi hadi Kondoa, nikaenda Busi kumsalimia Mama Anjela. Amezeeka, macho hayaoni vizuri, lakini alinijua kwa sauti. Alinipikia ugali wa uwele na mlenda. Petro, aliniambia, alizikwa mvua zilizopita, na yeye mama ndiye aliyemuuguza na kumwosha vidonda hadi mwisho.

Nilikuwa mstaafu, sikuwa tena na sheria ya kunizuia, nikamuuliza. "Mama, uliwahi kujua kama ni yeye?"

"Sikumuuliza hata siku moja," alisema. "Nilitaka awe na mahali pa kukaa bila kuulizwa. Siku ya mwisho kila kitu kitasemwa, tutasikia wote."

"Na ikisemwa kwamba ni yeye?"

Alinyoosha mkono akanitafuta goti, akalishika.

"Basi nitasimama," alisema. "Mbuzi walikuwa wangu. Nitasema kesi hiyo nimeifuta."