Mkono wa Kujifunga Kitambaa

Dereva wa lori ya shamba la maua kule Naivasha alikuwa amelewa. Nasema hivyo, na akisoma hapa asome. Supavaisa alimwona akiyumba getini, bado akatuambia sisi wachuma maua tupande, eti maua hayangoji. Lori ikalala mtaroni karibu na Kihoto. Mimi nilirudi kwetu Bahati na mkono wa kulia usioinuka kupita kifua.

Kilichoniuma zaidi ni kitambaa cha kichwa. Kanisani kwetu mama wa kikundi cha wanawake hasimami mbele kichwa wazi. Kila Jumapili mke wa kijana wangu ndiye alinifunga, akinivuta shingo kama mbuzi. "Mum, tulia basi. Ama uende bila."

Nikaenda jimu ya mazoezi, Nakuru mjini, mkono ufunguke. Treina, yule wa kuwafanyisha watu mazoezi, kijana wa kifua kilichofura, hakuniuliza kitu. Alinipandisha kwa mizani, akapiga tumbo langu picha. "Mathe, hii yote tutaichoma. Mzee hatakujua!"

"Nimeletwa na mkono."

"Mkono utafuata."

Akanirukisha kamba. Kwetu mama akikonda ghafla, watu huulizana ni ugonjwa gani, na kweli walianza kuulizana. Mkono ulibaki pale pale, goti nalo likafura. Huyo namweka pamoja na dereva.

Nikamlalamikia mwenye jimu, akanipeleka kwa treina mwingine, msichana asiyecheka ovyo. Huyo alivuta kiti akaketi.

"Unataka nini, mathe?"

"Nijifunge kitambaa."

Akanifungua kile nilichovaa, akanipa mkononi. "Jaribu." Akatazama tu pale mkono unakwama na pale uso unakunjamana. "Basi tunaanzia hapo. Mizani tuachane nayo."

Ikawa ni kutambaza vidole ukutani kwenda juu, yeye akiweka alama ya chaki mahali vimefika. Siku vikikosa kufikia alama hakunigombeza. Aliuliza kama nimelalia bega.

Jumapili moja nikajifunga mwenyewe. Kilikaa upande. Mke wa kijana wangu akanyoosha mkono akicheka, "Lete nikuwekee vizuri, mum."

"Usiguse."

Nilisimama mbele nacho hivyo hivyo, upande. Pasta akatuambia tuwaombee waliotukosea. Wenzangu wakainamisha vichwa. Mimi nilipandisha mkono, nikakaza fundo.