Chumba cha Mzee Wilmer

Lile jengo la ghorofa nne karibu na kituo cha mabasi cha mji wa Prince George lina watu sitini na wawili, wote waliowahi kulala nje. Zaidi ya nusu yao ni wenyeji wa asili wa nchi hiyo, waliokuwapo kabla ya wazungu, watu wa mito ya kaskazini, na kila mmoja ana namna yake ya kusimulia alivyofika mjini na yaliyomkuta. Verna aliajiriwa hapo akiwa na miaka hamsini na minne. Kwenye karatasi waliandika kwamba atakuwa msaidizi wa mila. Kabla ya hapo alikuwa amepika katika shule ya kijijini kwao miaka kumi na tisa, akauacha mto na nyumba yake kuja kumuuguza dada yake, na dada alipokufa hakupata nguvu za kurudi. Basi akabaki, na magoti yake mabovu, akipika supu ya samaki siku za Jumatano.

Kazi yenyewe alijipangia. Mpangaji mpya akiingia, wengine walimuuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, dawa anazotumia. Verna aliuliza, "Mama yako nani?" Mtu akijibu, Verna hufikiri kidogo, halafu husema, "Aa, basi wewe na yule wa chumba mia tatu na tisa ni ndugu," na yule mgeni aliyekuja na uso wa jiwe hulegea kidogo.

Mzee Wilmer wa chumba mia mbili kumi na nne alikufa Jumatatu asubuhi, amekaa kwenye kiti chake, viatu miguuni. Polisi walikuja, daktari akaja, mwili ukapelekwa hospitali kusubiri kurudishwa kwao. Verna alilia kidogo dirishani, akajipangusa. Wilmer hakuwa ndugu yake wa tumbo moja, ila wote wawili walikuwa wa ukoo wa Chura, na hapo ndipo mambo yalipomkaba.

Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Lakini mtu akifa, ukoo wake hukaa chini. Hulia, basi. Wanaomwosha, wanaomvisha, wanaokunja nguo zake na kubeba jeneza ni upande wa baba yake, kama kwingine kazi hiyo ilivyo ya watani. Baadaye ukoo wa marehemu huwaita kwenye karamu na kuwashukuru mbele za watu. Ukoo ukijifanyia wenyewe, ni kama kutangaza kwamba marehemu hakuwa na baba. Baba yake Wilmer alikuwa wa ukoo wa Mbwamwitu.

Jumanne meneja alimwita ofisini. Janine ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye roho nzuri na macho ya mtu asiyelala vya kutosha.

"Mama Verna, pole sana. Nimekuombea mpaka Ijumaa saa sita mchana uwe umetoa vitu vyake chumbani. Kawaida ni saa arobaini na nane."

"Siwezi kuvitoa mimi vile vitu."

"Huwezi kwa vipi? Unaumwa?"

"Mimi ni Chura. Yeye ni Chura. Lazima waje Mbwamwitu."

Janine aliandika hilo kwenye daftari, maana alifundishwa kuandika. Kisha akakuna paji la uso. "Lakini ndiyo kazi yako hii. Tumekuajiri kwa ajili ya mila."

"Ndiyo. Na mila inasema nikae."

Wakatazamana. Hakuna aliyecheka, ingawa pengine siku nyingine wangecheka.

"Anayefuata kwenye orodha ya vyumba ni Loretta," Janine akasema taratibu. "Wewe mwenyewe umenisumbua kwa ajili yake mwaka mzima."

Ni kweli. Loretta alikuwa akilala kwenye hema nyuma ya reli, na Januari hiyo alikuwa amekatwa vidole viwili vya mguu kwa baridi. Nje ilikuwa digrii thelathini na moja chini ya sifuri. Verna akatoka koridoni na simu yake.

Alimpigia Elvira, binti wa shangazi yake Wilmer, Mbwamwitu, huko kijijini, mwendo wa saa tano kwa gari.

"Njia imefungwa, Verna. Theluji imeporomoka kutoka mlimani, malori yamelala pale tangu jana."

"Wanasema itafunguliwa lini?"

"Leo wanasema kesho, kesho watasema Jumapili. Tuko tayari, mabegi yako mlangoni. Wewe kaa tu. Nakujua, mikono yako haitulii. Ukikunja hata soksi nitasikia huku."

"Sitagusa."

Ndani ya jengo zima Mbwamwitu alikuwa mmoja tu, Darcy wa chumba mia moja na tisa, wa kijiji kingine lakini ukoo ni ukoo. Darcy alikuwa na miaka arobaini, mcheshi, mlevi. Verna alimkuta kwenye ngazi za nje akivuta sigara bila glavu.

"Darcy, nina kazi ya heshima."

"Shangazi, ukisema heshima najua hakuna cha kunywa." Alipoelezwa akaizima sigara. Kisha akatabasamu. "Kwa hiyo nyie Vyura mmekaa kitako, Mbwamwitu ndio punda. Mtanipa nini kwenye karamu?"

"Blanketi."

"La maana, shangazi. Si lile lenu la miaka yote, lenye matundu ya kuonea nyota."

Alhamisi alikuja, nywele kazilowesha maji na kuzichana. Verna aliweka kiti koridoni mbele ya mlango, akakaa, mikono mapajani. Darcy alifanya vizuri ajabu. Alichagua suti ya kuzikwa nayo, shati jeupe, soksi mpya zilizokuwa bado na karatasi ya dukani, akavikunja polepole na kuviweka kwenye mfuko safi, akizungumza na marehemu muda wote. "Mzee, hii tai ulimwibia nani? Usiniambie ulikuwa unakwenda kanisani." Verna alicheka hadi akapata kikohozi. Lakini ilipofika zamu ya picha za ukutani, Darcy aliishika moja, ya mtoto wa kike, akasimama nayo muda mrefu. Akairudisha ukutani.

"Naomba nipumzike, shangazi. Kesho saa tatu asubuhi namalizia."

"Kula kwanza. Supu ipo."

"Kesho," akasema, akamwachia ule mfuko auangalie tu, asiushike, akauegemeza ukutani.

Ijumaa saa tatu hakuja. Saa nne Verna akagonga mia moja na tisa, kimya. Saa nne na nusu mapokezi walimwambia kwamba gari la wagonjwa lilimchukua alfajiri kutoka nyuma ya duka la pombe. Yu hai, walisema, lakini leo hatoki.

Alirudi kwa Janine. "Nipe mpaka Jumapili."

"Nimepiga simu juu mara mbili, Mama Verna. Chumba kikikaa kitupu usiku mmoja zaidi wanampa mtu wa kutoka hospitali, si Loretta. Niambie nifanye nini. Kweli, niambie."

Verna akapanda ngazi kurudi koridoni.

Saa sita walikuja vijana wawili wa kampuni ya usafi na mifuko myeusi. Verna alikuwa kwenye kiti chake. Angeweza kuinuka, akakunja mwenyewe, angalau zile picha. Mara mbili alishika mikono ya kiti, na mara mbili akaketi tena. Vijana hawakuwa na ubaya, walikuwa na haraka tu. Blanketi, vikombe, kofia, picha, vyote vikaingia kwa mkupuo. Mmoja akafungua friji, akatoa chupa ya mafuta ya samaki.

"Hiyo usitupe," Verna akasema kutoka koridoni.

"Imeoza, mama. Sikia harufu."

"Haijaoza. Ndivyo inavyonuka."

Kijana akaiweka dirishani, ili asibishane na mtu mzima. Saa saba kasoro walikuwa wamemaliza, mifuko imeondoka na gari la taka, na sakafu ilikuwa inanukia sabuni ya ndimu.

Loretta alipanda na Janine, begi moja mgongoni, akichechemea. Janine alimkabidhi ufunguo, akamshika bega, akaitwa chini. Loretta akabaki mlangoni. Yeye ni wa taifa jirani, lakini mambo haya kwao yanafanana.

"Wametoa vitu vyake?"

"Wametoa."

"Watu wake?"

Verna aliangalia magoti yake. Loretta akarudi nyuma hatua moja.

"Siingii humo, shangazi. Bado yumo."

"Ingia, mwanangu. Kuna joto."

"Na yeye?"

"Sijui," Verna akasema. "Sijui kabisa. Ingia tu."

Loretta akasimama pale, muda wa mtu kuvaa viatu na kuvivua. Halafu akaingia kwa mguu ule mzima, akakaa ukingoni mwa kitanda, begi likiwa bado mgongoni, mlango ameuacha wazi.

Simu ya Verna ikalia. Alikuwa Elvira, na nyuma yake palikuwa na mlio wa injini na watu wakizungumza kwa pamoja.

"Wamefungua upande mmoja! Tumeshapita pale palipoporomoka. Tuko watano, na mjomba amekuja na masanduku. Saa kumi na mbili jioni tuko hapo. Vitu vyake ni vingi?"

Verna alitazama ule mfuko mmoja ulioegemea ukuta.

"Verna? Masanduku sita yatatosha?"

"Njooni," akasema. "Endesheni polepole, barabara ni mbaya."

Akakata, akabaki na simu mkononi. Ndani ya chumba, Loretta hakuwa amevua koti.