Sinia la Makrout Chumbani kwa Majaji

Wassila hakuwa mtu wa kuamini upesi. Hata maziwa aliyoyachemsha kwa mkono wake aliyanusa mara mbili kabla ya kumpa mwanawe. Labda ndiyo maana miaka mitatu ya uzamivu aliimalizia kwa wadudu wanaoharibu tende za Biskra, wadogo mno, wengine huwapita wakidhani ni vumbi.

Siku ya kongamano alieleza utafiti wake dakika kumi bila kutazama karatasi. Anashuka jukwaani, anamwona nani mlangoni? Mama yake, Zoulikha, kajitanda, uso umejaa furaha.

"Mama, umefuata nini?"

"Nimeleta makrout, keki za tende na asali, kama unavyozipenda. Nimewaachia majaji chumbani kwao, na jina lako nimeliandika juu."

"Majaji! Mama, hii si siku ya kutetea tasnifu!"

"Majaji wapo, na wewe umesimama mbele za watu. Tofauti iko wapi?"

Tofauti ilikuwepo. Siku ya kutetea tasnifu ndugu huja na masinia ya vitafunio, navyo huliwa hukumu ikishatoka. Hapa majaji walikuwa ndiyo kwanza wanaingia kuamua ni mwanafunzi gani apewe tuzo ya uwasilishaji bora. Wassila alikimbilia sinia. Akakuta mlango umeshafungwa.

Baada ya saa moja jina lake likaitwa, wa kwanza. Watu wakapiga makofi. Yeye alikuwa akimtazama jaji mmoja anayefuta midomo kwa leso. Anafuta nini?

Fouzi, mwenzake wa maabara aliyeshika nafasi ya pili, akamsogelea. "Hongera, dada. Nimemwona mama na sinia lake. Mwakani mwambie mama anipikie na mimi."

"Una maana gani?"

"Mimi? Nina njaa tu."

Cheti akakitia mkobani kifudifudi. Akitundike ukutani, na kila akikitazama aone asali inachuruzika? Hapana. Akapanda ngazi hadi kwa Profesa Hamlaoui, mama wa makamo aliyewaongoza majaji.

"Profesa, nimekuja kukirudisha."

Profesa hakuuliza sababu. Akauvuta mlango. Nyuma yake palikuwa na sinia, na kitambaa kimefungwa kwa lile fundo la Mama Zoulikha, ambalo tangu utotoni Wassila hakuwahi kulifungua asijulikane. Akainama, akalikagua.

"Halijaguswa," Profesa akasema. "Tulipoliona tukasema, huyu anataka kutununua. Tukakukata alama mbili. Ukabaki wa kwanza."

"Alama mbili! Bila hata kuniuliza?"

"Na wewe ulituuliza, au umekuja na hukumu yako mkononi?"

Wassila akalitazama fundo tena. "Na yule aliyekuwa anafuta midomo?"

"Kahawa, mwanangu. Kahawa!" Profesa akacheka mpaka akavua miwani. "Haya, kazi imekwisha. Fungua hilo sinia, harufu yake imetutesa tangu mchana."

Wassila akalifungua. Za kwanza alimpelekea Fouzi, aliyekuwa bado uani, akamweleza yote. Fouzi akaichukua moja, akaigeuza, akaichungulia upande wa chini, ndipo akauma.

"Kweli walikukata mbili?"

"Kamuulize Profesa."

"Nitamuuliza," Fouzi akasema, mdomo umejaa, huku akinyoosha mkono kuchukua nyingine.