Basi Halitoki Bila Aleixo

Carmelina hakupenda kusubirishwa, akaolewa na mwanamume aliyechelewa kufika kwenye harusi yake mwenyewe. Naanzia hapo kwa makusudi. Siku hizi watu wakimtaja huanza na ugonjwa, kana kwamba alizaliwa nao, na jambo hilo hunipandisha hasira. Carmelina alikuwa mtu kabla ya kuwa mgonjwa, tena mtu mwenye sauti.

Alizaliwa Tanga, baba yake akiwa karani wa reli. Sisi ni Wagoa, Wakatoliki wenye majina tuliyoachiwa na Wareno. Kiingereza tulifundishwa na masista, Kikonkani tuliongea na bibi zetu, na Kiswahili kikabeba yote yaliyobaki: utani, ugomvi, mapishi na siri. Mimi ni wa Mombasa, naitwa Ermelinda, na miaka yote ya urafiki wetu Carmelina alishikilia kwamba mkate wa Tanga ulikuwa mtamu kuliko wa kwetu. Tulikutana hapa Toronto, parokiani, sote wageni, sote tumevaa makoti ya kuazima. Yeye alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya bima kule Don Mills. Mumewe, Aleixo, alichora ramani za majengo kwa wahandisi, na jengo lolote la zamani aliloliona lazima asimame, alitazame, aliguse. Ndiyo maana alichelewa kila mahali.

Walipostaafu, Carmelina alijitwika kazi ya kutupeleka Meksiko. Kila Februari, theluji ikiwa imeshatuchosha, aliwakusanya wastaafu wa parokia, wengi wetu tuliotoka Kenya, Uganda na Tanzania, tukashuka Yukatani kwa wiki moja. Wiki nzima tuliingojea siku ya matembezi. Asubuhi tulipelekwa kwenye magofu ya Wamaya, piramidi za mawe katikati ya msitu, mijusi mikubwa ikiota jua kwenye ngazi. Mchana tulikwenda kuogelea kwenye senote, kama wanavyoita wenyewe: shimo kubwa la mwamba lenye maji baridi ya buluu, mizizi ya miti ikining'inia kutoka juu. Carmelina alikuwa wa kwanza kuingia, na Aleixo, ambaye hakujua kuogelea, aliketi ngazini amemshikia taulo. Alasiri tulimalizia Valladolid, mji wa Wahispania wa zamani, wenye nyumba za manjano na waridi, uwanja wa kupumzikia na kanisa. Mwongoza watalii alitueleza kwamba mawe mengine ya kujengea mji yalitolewa kwenye mahekalu ya Wamaya. Wenzangu walipiga picha. Aleixo aliweka kiganja ukutani.

"Shemeji," akaniambia, "hawa nao walibadilishwa majina kama sisi."

Akabaki pale ameshika ukuta, na basi linapiga honi.

Kila kituo, kabla hatujaondoka, Carmelina alisimama mlangoni mwa basi na kutuita majina. Hakuwa na karatasi. Alitujua wote kwa kichwa, akajua nani ana kisukari, nani amegombana na nani wasikae karibu. Akimaliza, alivua kofia yake pana ya ukili na kuiweka kwenye kiti cha pembeni yake. Dereva akilalamika, alimjibu kwa Kiswahili, na yule Mmeksiko wa watu alielewa kabisa: "Basi halitoki bila Aleixo."

Tulikuwa na desturi yetu. Aliyechelewa haingii mpaka aimbe. Aleixo, kwa kuwa ndiye aliyeadhibiwa kila mara, alitunga wimbo wake mwenyewe, mistari miwili tu:

Msiniache, msiniache,
mke wangu yumo ndani.

Aliimba vibaya huku akicheka. Sisi ndani tulipiga makelele, "Mwache! Mwache!" mpaka Carmelina ajibu, "Panda, mzee, lakini usirudie." Hapo ndipo alipopanda, akaondoa kofia kitini na kuketi. Na kituo kilichofuata akarudia.

Ugonjwa ulianza na majina. Mwaka mmoja alisimama mlangoni mwa basi akaniita jina la dada yake aliyezikwa Tanga. Tulicheka, naye akacheka. Mwaka uliofuata hatukusafiri. Kisha Kiingereza kikamtoka chote, kikabaki Kiswahili. Binti yao wa pekee, Crystal, alizaliwa hapa, na Kiswahili chake hakivuki meza ya chakula. Nilimwona siku moja amepiga magoti mbele ya mama yake, anasema, "Mom, it's me, it's Crystal." Mama yake akanigeukia kwa upole. "Huyu mgeni analia nini? Mpeni chai." Crystal aliniuliza mama amesema nini. Nikamwambia amesema anakupenda, na sijutii.

Mwisho akamsahau Aleixo. Nieleweke vizuri: hakusahau kwamba ana mume. Mume alimkumbuka, akamsema kutwa, kwamba anachelewa, kwamba hapendi bamia. Ila yule mzee aliyemlisha, akamwosha, akamfunga vifungo vya blauzi, huyo hakumjua. Alimwita kaka. Aleixo aliyavumilia hayo zaidi ya mwaka mzima, mpaka mgongo ukamshinda, akaanguka naye bafuni. Crystal akatafuta nafasi katika nyumba ya wazee upande wa Downsview, ikapatikana Septemba. Carmelina angehamia huko Jumatatu.

Siku chache kabla, Aleixo alikuja kwangu. Hakuketi.

"Shemeji, nataka aniite jina langu kabla hajatoka nyumbani. Mara moja tu. Baada ya hapo wamchukue."

"Utafanyaje?"

"Nitampeleka safari yetu. Magofu yapo hapa, maji yapo, mji wa zamani upo. Kinachokosekana ni dereva."

Macho yake hayakumruhusu tena kuendesha. Nilimwambia amechanganyikiwa, na Jumamosi asubuhi nilikuwa mlangoni kwao, tangi limejaa.

Carmelina aligoma. Alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili akasema haendi popote na watu asiowajua. Aleixo alibembeleza, akaonyesha picha, akaahidi aiskrimu. Wapi! Nilishaanza kuvua koti. Ndipo macho ya Aleixo yakaangukia mwavuli uliosimama pembeni. Akauchukua umekunjwa hivyo hivyo, akaunyanyua juu ya kichwa, kama wafanyavyo waongoza watalii ili watu wasipotee.

"Mabibi na mabwana, huku tafadhali!"

Uso wa Carmelina ulifunguka. Akaachia mlango, akaagiza kofia yake, akatufuata hadi kwenye gari kwa mwendo wa zamani, kidevu juu. Aleixo alinitazama kwa furaha ya mtoto aliyefaulu mtihani, nami nikampigia makofi. Hatukujua tumefanya nini.

Magofu yetu yalikuwa Scarborough, kwenye bustani moja juu ya ziwa, ambako nguzo na kuta za mbele za benki za zamani zilizobomolewa mjini zimesimamishwa kati ya miti. Aleixo alitangulia na mwavuli wake akieleza. Carmelina alizipapasa nguzo. "Wamaya walijua kujenga," akasema, nami sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Kisha nikawashusha ufukweni chini ya magenge. Alivua viatu akaingia na gauni lake hadi magotini, akapiga maji kwa viganja, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Meksiko. Alipotoka, Aleixo alikuwa amemfungulia taulo.

"Usijisumbue, kaka," akamwambia. "Taulo langu hushikwa na mume wangu. Yuko nyuma, anatazama mawe."

Aleixo alibaki ameshika taulo. Nikalichukua mimi, nikamfuta Carmelina miguu.

Tulimalizia Unionville, kwenye ile barabara ya zamani yenye nyumba za mbao na vibaraza. Carmelina alikula aiskrimu, akasifu rangi za milango, akauliza kanisa liko wapi, tukamwonyesha. Siku ilikuwa nzuri. Nasema kweli, kama angekuwa mke wa mtu mwingine, ningesema ilikuwa siku nzuri sana.

Wakati wa kurudi nikafungua mlango wa gari. Carmelina aliketi nyuma, akavua kofia, akaiweka kwenye kiti cha pembeni yake. Aleixo akainama ili aingie.

"Hapana, mwongozaji," akasema Carmelina. "Hapo pana mtu. Hatujatimia." Akashuka, akasimama kando ya gari, akatazama barabara kule tulikotoka. "Basi halitoki bila Aleixo."

Aleixo alikuwa amesimama mbele yake, karibu kiasi cha kuweza kumgusa shavu. Hapo ndipo nilipoelewa, nikamvuta pembeni.

"Tumekosea, shemeji. Kutwa nzima umekuwa mbele na huo mwavuli. Aleixo wake hajawahi kuwa mbele hata siku moja. Nipe huo. Nenda ukachelewe."

Alinielewa papo hapo. Akanikabidhi mwavuli, akapotea nyuma ya duka la kona. Nilisimama na Carmelina. Kisha nikamwona Aleixo anakuja, anakimbia na goti lake bovu, koti wazi, mkono juu.

"Msiniache, msiniache, mke wangu yumo ndani!"

"Mwache! Mwache!" nilipiga kelele peke yangu, sauti ya watu thelathini iliyobaki kwa bibi mmoja. Watu waliokuwa wakila aiskrimu wakageuka. Sikuwajali.

Carmelina alicheka! Akapiga makofi. Macho yalimwaka, na midomo ikafunguka kwa lile jibu. Aleixo alisimama mbele yake akihema, machozi yakimtiririka, mikono ameinyoosha kidogo. Niliomba kwa Bikira Maria bila aibu.

"Dada," Carmelina akaniambia, "huyu bwana amemwibia mume wangu wimbo."

Aleixo akauimba tena, taratibu zaidi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtu anayeomba msaada.

"Umeimba vizuri, kaka," akasema. "Ndiyo maana najua wewe si yeye. Yeye huimba vibaya, tena anacheka. Wewe unalia."

Tukaketi kwenye benchi, tukamngoja Aleixo. Sijui nieleze vipi jambo lile. Tulimngoja mtu aliyekuwa ameketi nasi. Upepo ulianza kuwa baridi, gauni la Carmelina lilikuwa bado na unyevu wa ziwa, akaanza kutetemeka, na bado hakukubali kuondoka. Nilisema naye, nikaomba, nikakaripia. Hakusogea. Alisema hawezi kumwacha mtu ugenini.

Hatimaye Aleixo akasimama. Akauchukua mwavuli wake mikononi mwangu, akaufuta uso kwa kiganja, akaunyanyua mwavuli.

"Mama," akasema, "Bwana Aleixo ametangulia na basi la kwanza. Anakungoja huko."

Carmelina alimtazama kwa mashaka. "Aleixo? Yeye amewahi?"

"Leo amewahi."

"Amepata kiti cha dirishani?"

"Amepata."

Akafikiri kidogo, kisha akainuka, akaingia garini. Aleixo alifunga mlango, akaja kuketi mbele pamoja nami. Nimezika wazazi wangu na mume wangu, lakini sijawahi kumsikia mtu akijiaga mwenyewe namna ile. Tulirudi, na nyuma yetu Carmelina aliimba ule wimbo polepole, vibaya, kama unavyopaswa kuimbwa.

Jumatatu tulimpeleka. Chumba ni safi, dirisha linatazama maegesho ya maghala, na mhudumu wake, Yvette, ni mtu wa Bukavu, kwa hiyo angalau kuna mtu wa kuongea naye. Kina kiti kimoja cha wageni. Carmelina alipoketi kitandani, kitu cha kwanza alichofanya ni kuvua kofia na kuiweka kwenye kiti kile. Siku iliyofuata Aleixo alirudi mapema, na tangu hapo hajakosa hata siku moja. Yeye ambaye hakuwahi kuwahi, sasa hufika kabla mlango wa jengo haujafunguliwa.

Wiki iliyopita nilikwenda naye. Carmelina alikuwa dirishani, kwenye kigari cha magurudumu alichopewa hapo. Yvette akamwona mzee amesimama, akamhurumia.

"Papa, kuya, ikala hapa kwa kiti," akasema, akanyoosha mkono aondoe kofia.

Carmelina akaizuia kwa kiganja. "Hapo pana mwenyewe. Kaka akae kitandani." Kisha akamgeukia Aleixo, akaona uso wake, akadhani amechoka kungoja. "Usihuzunike," akamwambia. "Ametangulia, ila ameona ukuta fulani huko njiani. Huchelewa, lakini huja."

"Basi nitamngoja pamoja nawe," Aleixo akasema, akaketi kitandani.