Daftari Lililofungiwa Bajia

Mwalimu wangu wa zamani ndiye aliyenifundisha kusoma, na hilo sitamdhulumu. Lile jingine sijamsamehe mpaka leo.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani hapa Bagamoyo. Nikaandika hadithi ya upelelezi, daftari zima, kwa kalamu ya risasi, na nakala ilikuwa hiyo hiyo moja. Nikampelekea Mwalimu aisome. Miezi ikapita. Kila nikimwuliza, huvua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akasema, "Lipo nyumbani, mwanangu. Nalisoma taratibu."

Siku moja nikanunua bajia. Kufungua karatasi, namkuta mpelelezi wangu amelowa mafuta. Nikamwuliza mama muuzaji kaipata wapi.

"Kaniletea Mwalimu, daftari zima. Kasema ni porojo za wezi, hazina faida."

Bajia zile sikuzila. Roho iliniuma, nikaapa huyu mzee nitamwonyesha.

Nikaandika nyingine. Mtaani kwetu watu walikaa barazani baada ya alasiri kusomewa gazeti, maana wengi walijua herufi za Kiarabu tu, na wanawake walisikiliza dirishani. Gazeti likiisha, nikawa nasoma kurasa chache za hadithi yangu. Saa ya msikiti imeibwa, nani kaiba? Dalili ya mwizi niliiweka ukurasa wa kwanza, peupe, katikati ya maamkizi yetu yale marefu, mahali ambapo hakuna anayesikiliza. Ndiyo kazi yenyewe hiyo, kumwonyesha mtu kitu asikione. Wanaoidharau hawajapata kuijaribu.

Siku ya tatu watu wakabishana hadi sokoni. Mwalimu naye alikuwapo tangu siku ya kwanza, kakaa pembeni, eti anapumzisha miguu. "Mwizi ni yule fundi saa," akasema, "hata mtoto anajua."

Siku ya mwisho nikasingizia koo, nikamwomba anisomee. Sauti alikuwa nayo, na sifa alizipenda. Akasoma vizuri mpaka pale mtu mmoja wa heshima anapoulizwa alikuwa wapi siku ya wizi. Yule mtu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, kisha akasema uongo, vile vile alivyofanya ukurasa wa kwanza alipokuwa akiamkiwa; kumbe mwizi ndiye yeye.

Mkono wa Mwalimu ukaenda wenyewe, akavua miwani, akashika pindo la kanzu. Baraza zima linamtazama. Mama wa bajia akaanza kucheka kule dirishani, na wengine wakamfuata.

"Malizia, Mwalimu," nikamwambia.

Akamaliza. Nilifurahi, wala sioni haya kusema. Watu walipotawanyika alibaki na daftari, akirudi ukurasa wa kwanza, akipitisha kidole mstari kwa mstari.

"Maamkizi haya niliyasikia kwa masikio yangu," akasema. "Nipe nikalisome tena nyumbani, nione ulivyonipita."

Nikalichukua mkononi mwake.

"Samahani, Mwalimu. Nimeshamwahidi mama wa bajia."