Jina la Kuandika Msalabani

Habari za Immakulata zikitajwa hapa Busunzu, watu husema, "Tamaa mbele, mauti nyuma," kisha wanacheka. Wanamwonea. Mama huyu amechuuza mawese tangu ujana wake, anayanunua Kasulu na kuyauza gulioni Kibondo, na hajawahi kumpunja mtu hata kijiko. Kilichomponza si pesa. Kilichomponza ni kaka yake.

Barua pepe ile iliingia katika simu aliyonunuliwa na binti yake Claudine, mwenye kibanda cha vocha pale Kibondo mjini. Claudine ndiye aliyemfungulia anwani, kwa jina la kwenye kitambulisho: Immakulata Hatungimana. Barua ilikuwa ya Kiswahili cha kubandikabandika. Ilisema kuna tajiri aitwaye Hatungimana amefariki ughaibuni, ameacha mamilioni benki bila mrithi, na wakili wake anatafuta ndugu mwenye jina hilo.

"Matapeli hawa, mama. Tufute tu," Claudine alisema huku anacheka.

Immakulata hakucheka. Alivuta kigoda akakaa. "Kwanza muulize," alisema, "kama huyo mtu ni Fidele."

Mwaka wa sabini na mbili, familia yao ilipokuwa inakimbia mauaji Burundi, Immakulata alikuwa na miaka mitano na kaka yake Fidele ndiye aliyemshika mkono. Risasi zililia, watu wakatawanyika, mkono ukaachia. Basi. Wengine walivuka mpaka salama, wakalima, wakazaa, wakawa raia wa Tanzania, lakini habari za Fidele hazikupatikana, si za uzima wala za kifo. Mama yao alimwekea chakula kila jioni mpaka naye akafa.

Claudine akaandika alivyoagizwa, na jibu la wakili halikukawia: naam, ndiye, marehemu ni Fidele. Wewe unayesoma umeshaona kilichotendeka. Mama wa watu alimpa mwizi ufunguo wa nyumba, kisha akamshukuru kwa kufungua mlango. Lakini usimcheke. Mtu aliyengoja zaidi ya miaka hamsini haulizi sana habari imeletwa na nani.

Matanga yakawekwa. Katekista Bazilio aliongoza sala, wanawake wakaja na maharage na unga wa muhogo, na Immakulata alilia machozi aliyoyaweka tangu utotoni. Watu walipotawanyika likatokea jambo aliloona haya kumweleza yeyote: alianza kulala vizuri. Hakushtuka tena mbwa wakibweka, wala hakuwatazama tena usoni wazee wageni gulioni akitafuta masikio ya baba yake, aliyoyarithi Fidele. Fidele alikuwa amefika mahali. Hilo lilimtosha.

Wakili yeye hakutoshelezwa. Alidai ada ya kufungua mirathi, mbuzi wakauzwa. Akadai ada nyingine kubwa zaidi, na sasa kilichobaki kilikuwa shamba la bondeni, lile linalowalisha. Mumewe, Tharsisi, mtu mpole asiyependa ugomvi, safari hii alikataa.

"Mama Claudine, mamilioni hayo tutayala lini, na sisi tutakuwa tumeshakufa njaa?"

"Mamilioni wachukue wao," alijibu. "Mimi nataka kaburi."

Maana wakili alikuwa amempigia simu na kumwahidi kwa sauti laini kwamba ada ikilipwa atamtumia picha ya kaburi, pamoja na udongo kidogo wa juu yake ndani ya bahasha. Mwizi wa pesa nimewahi kumhurumia, huenda ana watoto. Huyu aliyeuza udongo wa kaburi, simhurumii hata kidogo.

Mwishowe akakubali kwa shingo upande. Siku ya kuuza shamba, mnunuzi alitoka Kasulu na pikipiki yake, akakaa uani anakunywa chai. Immakulata alikuwa ameagiza kwa seremala msalaba wa mbao, ausimike kando ya kaburi la mama yao, na seremala alitaka maneno ya kuchonga. Akaona heri auandike kama ule wa kwenye kaburi lenyewe. Akampigia wakili.

"Baba, msalabani kwake wameandika jina gani?"

"Fidele Hatungimana, mama yangu. Jina lenu la ukoo."

Tangu barua ya kwanza jina hilo halikumshtua Immakulata, maana ni lake la kitambulisho; neno ukoo ndilo lililomshtua. Kwao Burundi mtoto hupewa jina lake peke yake. Mama yao alizaa watano, na hakuna wawili walioitwa sawa. Hatungimana lilikuwa jina la baba. Lilimwangukia Immakulata huku Tanzania, kwa kuwa karani wa uandikishaji alimwuliza jina la baba akaliandika baada ya lake. Fidele hakuwahi kufika mbele ya karani yule. Yeye alikuwa Mpawenimana.

Hata hivyo hakukata tamaa upesi, maana huenda huko ughaibuni nako kuna makarani.

"Na Mpawenimana," aliuliza taratibu, "unamjua?"

Sauti ya wakili ikawa kali kidogo. "Huyo nani tena, mama? Naye anadai urithi?"

Immakulata alikata simu. Alitoka nje akamwambia mnunuzi kwa heshima kwamba shamba haliuzwi, amsamehe kwa safari. Pikipiki ilipoondoka alikaa kizingitini, akajifunika uso kwa kitenge na kuanza kulia, kilio kikali kuliko cha matangani.

Tharsisi, aliyekuwa amesikia mazungumzo yale ya simu, alipigwa na butwaa. Akachuchumaa mbele yake. "Mbona unalia? Shamba limepona. Na kaka yako, kumbe hatujaambiwa kwamba amekufa."

"Ndiyo hilo," alisema Immakulata. "Musaza wanje, kaka yangu, nilikuwa nimeshamzika, Baba Claudine. Nilikuwa nimepumzika."

Giza lilipoingia, Immakulata aliinuka, akaosha uso, akasonga ugali. Alipakua sahani ya mumewe na yake. Kisha akachukua sahani ya tatu, akapakua, akaifunika.