Sherehe Isiyo na Wali

Mume wangu alirudi kutoka semina Morogoro na habari moja tu, kwamba watu waliostaarabika hawali, wanaonja. Huko walisimama ukumbini saa nzima, kisahani mkononi, wakichoma vipande vya nyama kwa vijiti vya kuchokolea meno na kuzungumza na watu wasiowajua, kisha wakaagana. Hapakuwa na sufuria hata moja. Alisimulia hivyo siku tatu mfululizo. Siku ya nne, nikiwa kwenye cherehani napinda sketi ya shule, nikaona kwamba Mungu ananionyesha njia.

Nilikuwa nimegombana na rafiki yangu kwa sababu ya wali.

Rafiki huyu ni mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa Mlabani, Ifakara, na tumeshibana miaka kumi na moja. Mwezi wa sita mwanawe alipokea komunyo ya kwanza. Wakwe wakaja kutoka Michenga na mchele wa shamba lao, akaupika mwenyewe, ukatoka bokoboko. Mimi nina mdomo, sikatai. Nilichota kijiko, nikakigeuza chini juu, wali ukabaki umeng'ang'ania, nikasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye turubai la wanaume kwamba kama kuna fundi ujenzi hapa asogee, udongo uko tayari. Watu walicheka wakashika mbavu. Mama mkwe wake hakucheka. Alisema mchele wake haujawahi kuwa hivyo mikononi mwa mtu mwingine yeyote, akamtazama mkwe wake kwa muda mrefu.

Wanasema ulimi hauna mfupa. Wangu ungekuwa nao ningeuvunja jioni ile.

Miezi miwili hakunisemesha. Akiniona barabarani anakanyaga baiskeli kama amechelewa kengele. Nilituma salamu, nilituma machungwa, vyote vikapokelewa na watoto. Nilimkosa mpaka nikawa sina raha. Nikisikia umbea mzuri sikuwa na wa kumpelekea, nikabaki nao mwenyewe, na umbea wa peke yako hauna ladha.

Sasa hii sherehe ya mume wangu, sherehe ya kuonja tu, ndiyo niliyokuwa naitafuta. Pasipo na wali hapana wa kukumbushwa chochote. Nikamtuma rafiki yetu wa tatu, nesi, mwanamke ambaye hajawahi kukataliwa sindano na mgonjwa yeyote, akamwambie mwalimu kwamba Jumapili baada ya misa kuna juisi kwangu. Akarudi na jibu kuwa mwalimu atakuja, lakini hatakaa.

Nilianza kupika tangu Jumamosi. Sambusa, vitumbua, mihogo ya kukaanga, karanga, mayai ya kuchemsha yaliyokatwa nusu, na perege niliowakaanga kisha nikawakata vipande vya kutosha mdomo mmoja. Vichwa vyao nilivitenga uani, maana mume wangu alisema semina haina vichwa. Vinywaji vilikuwa togwa, juisi ya ukwaju na soda chache kwenye ndoo ya maji baridi. Mume wangu yeye kazi yake ilikuwa kutoa viti. Alivitoa vyote, akavipanga chini ya dirisha la bibi mwenye nyumba wetu, kisha akasimama katikati ya sebule tupu akiwa na furaha kuliko siku ya ndoa yetu.

Bibi alikuwa wa kwanza kuingia. Ni Mpogoro wa Mahenge, tunatazamana naye mlango kwa mlango.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba. Mnahama?"

Mume wangu akamweleza habari za semina kwa adabu zote. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuchukua kigoda chake, akaketi katikati ya waliosimama. "Mimi nitasimamia hapa," akasema.

Mwalimu alikuja mwisho, na nesi nyuma yake kama askari. Alikuwa amevaa gauni lililoshonwa na fundi mwingine, na mshono wa bega ulikuwa umepinda. Niliuona. Nikameza mate, nikanyamaza, na wanaonijua wanajua hiyo ni kazi kubwa kiasi gani.

"Habari za siku, mwalimu."

"Salama."

"Karibu ukwaju."

"Asante."

Maneno yakaishia hapo, akaenda kusimama karibu na mlango. Nikapitisha sinia la sambusa mara mbili kwa watu walewale.

Mayai ndiyo yaliyotuokoa. Mume wangu alitaka kutufundisha kushika kijiti, kidole hiki hapa na hiki hapa, huku mkono mwingine umebeba kisahani na glasi kwa pamoja. Nesi akachoma nusu yai, likateleza, likaruka, likatua ndani ya glasi yake mwenyewe ya togwa, likazama. Akachungulia ndani. "Mgonjwa amezidiwa," akasema, akalifuata kwa kijiti. Bibi akacheka mpaka kigoda kikayumba. Nikamtazama mwalimu. Alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja, mabega yanacheza, na mimi furaha ikanipanda kichwani kama niliyekunywa pombe. Kuanzia hapo nilicheka kila kitu. Nilicheka karanga iliyodondoka. Nilicheka kikohozi cha mume wangu. Mwalimu akala vitumbua vitano, nilivihesabu, akasogea kutoka mlangoni mpaka kwenye meza.

Masinia yakaisha. Mume wangu alikuwa ametuambia kwamba vikiisha watu huagana. Hakuna aliyeaga. Nesi alijifuta vidole, akaegemea ukuta. Mwalimu alitazama mlango wa uani.

Bibi akauliza, kwa upole tu, "Maji ya kunawa yanakuja saa ngapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Walikuwa wanasubiri chakula. Yote yale, mikaango ya siku mbili, kwao ilikuwa ya kupooza tumbo wakati wali unaiva.

"Bibi," nikasema, "hakuna wali."

"Hakuna wali," akarudia polepole. "Ifakara hii."

Mwalimu akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi miwili kunitazama usoni. "Kwa nini hukupika?"

Ningeweza kusingizia semina. Mume wangu alikuwa tayari anafungua mdomo kuisingizia. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Kwa sababu yako," nikasema. "Ningeupika ukatoka vizuri, ungesema nakusuta. Ungetoka vibaya, ungesema nakukejeli. Nikaona bora tusiuone kabisa."

Alinitazama, akatazama sebule isiyo na kiti, akatazama vijiti vilivyotapakaa sakafuni, akaanza kucheka. Hakujifunika mdomo safari hii. "Yaani mwenzangu umewasimamisha watu wazima saa mbili kwa kuogopa wali," akasema. "Washa jiko. Mimi sitoki hapa bila kula."

Tukahamia uani wote. Mwalimu aliingia stoo mwenyewe, akachota mchele kwenye gunia, akaunusa.

"Wa mwaka jana huu," akasema.

"Wa mwaka jana," nikajibu kwa maringo, kwani mchele uliokaa ndio unaotoka umechambuka, na wali wangu mtaa mzima unaujua.

Sasa sijui niseme nini. Nilikuwa na miezi miwili ya umbea tumboni, na mwenye kuusikiliza alikuwa amekaa mbele yangu anapepeta mchele. Nilimwambia habari ya harusi iliyoishia kwa bibi harusi kukataa keki. Akaniambia mambo ya mwalimu mkuu na mbuzi. Nesi aliyatia chumvi haya yote kwa maelezo ambayo siwezi kuyaandika. Nilitia maji, nikacheka, nikasahau kwamba nimetia, nikatia tena. Vichwa vya perege tukaviunga nazi. Mume wangu akarudisha viti kimoja kimoja, kichwa chini.

Nilipoondoa makaa juu ya mfuniko na kufunua, wali ulikuwa umelala wote pamoja, punje haijulikani na punje. Bokoboko kamili.

Nilipakua hivyo hivyo. Ningefanya nini? Mume wangu akapita na jagi la maji ya kunawa, na bibi akanawa kwa heshima zote. Akamega tonge. "Huu unanifaa, sina meno," akasema. Kisha watu wote, hata mume wangu, wakamtazama mwalimu. Zamu ilikuwa yake na kila mmoja alijua. Nami nilitaka aseme. Nilitaka anipige neno lake vizuri, tumalizane.

Mwalimu alimega, akatafuna taratibu. Akamgeukia mume wangu, na alipozungumza alitumia sauti yake ya darasani.

"Shemeji, usimlaumu mwenzako. Mchele mpya huu. Mchele mpya haupimiki maji, unamwangusha hata mpishi hodari."

Mume wangu akafungua mdomo kumsahihisha. Nesi akamkanyaga mguu.

Nikalirudisha tonge langu. Mchele wa siku ya komunyo ulikuwa umetoka shambani wiki ileile. Niliujua kwa macho, nikaujua kwa harufu, na mtoto yeyote wa bonde hili anajua mchele mpya ukitiwa maji ya kawaida unafanyaje. Sentensi hiyo moja, mbele ya mama mkwe wake, ingemwokoa, na mimi nilikuwa nayo mdomoni. Nikachagua ile ya fundi ujenzi kwa sababu ilichekesha zaidi. Aibu ilinipanda mpaka masikio yakapata moto.

"Mwalimu," nikasema, mbele ya wote, "huu ni wa mwaka jana. Mpya ulikuwa wako."

"Najua," akasema, akanisogezea kichwa cha perege. "Kula, unapoa."